Je, Wajua? Pistoni ya Mjukuu Ndani ya Injini ya Babu

Sogea kidogo, benchi linatutosha. Leo tunafungua injini za mbio za ridhaa, za watu wanaokwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa, kisha Jumapili wanapanda pikipiki walizoziunga wenyewe uani. Wanachomoa kipuri cha toleo jipya wanakipachika kwenye toleo la zamani, au kinyume chake, huku kitabu cha kanuni kikiwachungulia begani. Ukisimuliwa mara ya kwanza, utadhani unafungwa kamba!

Tuanze. Je, wajua kwamba Kawasaki Ninja 250 na Ninja 300 zina silinda za kipenyo kimoja, milimita 62? Tofauti iko kwenye mwendo wa pistoni, yaani safari yake ya kupanda na kushuka: milimita 41.2 kwa mkubwa mtu, milimita 49 kwa mdogo wake. Milimita 7.8 tu, hazifiki hata upana wa kidole chako cha mwisho, na ujazo wa injini wa cc 249 umekuwa 296!

Honda nao? Vile vile! CBR250R ina kipenyo cha milimita 76 na mwendo wa 55. CBR300R ina kipenyo hicho hicho cha 76, ila mwendo ni 63. Ndugu wa damu, mmoja karefuka miguu.

Sasa jifanye mkaguzi wa mbio za daraja la cc 250. Utajuaje kwamba ndani hakuna krenki, mhimili unaopanga mwendo wa pistoni, ya ndugu yake mwenye cc nyingi zaidi? Kuna kifaa kinachofungwa kwenye tundu la plagi. Injini inazungushwa, ujazo unasomeka, na hedi, kifuniko cha silinda, haijafunguliwa nati hata moja. Mwenye pikipiki anabaki kukodoa macho.

Huna kifaa hicho? Toa simu yako, fungua kikokotoo. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa 0.7854, kisha kwa mwendo, kisha kwa idadi ya silinda, halafu gawanya kwa 1000. Jaribu na Suzuki SV650: 81 × 81 × 0.7854 × 62.6 × 2. Umepata 645? Karibu kazini, mkaguzi.

Na hiyo SV650 ndiyo kipenzi cha wanamichezo wa ridhaa Marekani na Uingereza. Ilitoka 1999 ikiwa na kabureta. Mwaka 2003 ikapewa fremu mpya na mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme. Mwaka 2004 Suzuki wakaichukua injini hiyo wakaiweka kwenye V-Strom 650 ya safari ndefu, na Cagiva wa Italia walikuwa wanainunua kwa ajili ya Raptor 650 yao. Kwa hiyo mtu wa mbio akitafuta vipuri, anapekua makaburi ya pikipiki za aina tatu!

Shokapu za mbele za SV650 ni laini mno kwa mbio, kila mtu analalamika. Dawa yao ni moja: wanang'oa mguu mzima wa mbele wa GSX-R, pikipiki ya kasi ya Suzuki hao hao, breki zikiwemo, na kuufunga pale. Madaraja mengine yanaruhusu, mengine yanakufukuza getini, kwa hiyo soma kwanza ndipo ushike spana.

Je, wajua kwamba mwendo wa pistoni ya SV650, milimita 62.6, ni sawasawa na wa DR-Z400, pikipiki ya porini ya silinda moja kutoka kiwanda hicho hicho? Hakuna mtu anayezifananisha ukizitazama kwa nje. Tarakimu ndizo zinazochongea ujamaa.

Haya, subiri uone hii. Ukiichonga hedi ya SV650 nusu milimita tu, unene wa ukucha, unapunguza nafasi ya kuungulia mafuta kwa cc 2.6 kwa kila silinda. Hiyo ni nusu ya kijiko cha chai! Lakini nusu kijiko hicho kinapandisha uwiano wa mgandamizo kutoka 11.5 hadi karibu 12.5, na mpanda pikipiki anausikia mkononi kila akifungua mafuta.

Na nafasi hiyo inapimwaje? Kwa bomba la sindano la hospitali. Fundi anailaza hedi chali, anaifunika kwa kipande cha kioo chenye tundu, anasukuma mafuta mepesi tone kwa tone hadi kiputo cha mwisho cha hewa kitoke. Anasoma kwenye bomba ni cc ngapi zimeingia. Basi.

Sasa njoo karibu zaidi, maana hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Umeazima kamshafti ya toleo jingine; inasukuma valvu chini zaidi kuliko ile ya zamani. Je, valvu haitagonga pistoni? Watu wa mbio wanauliza udongo wa kuchezea, ule wa rangi rangi wa watoto wa chekechea! Wanabandika kipande juu ya kichwa cha pistoni, wanakipaka mafuta kidogo kisinate, wanarudisha hedi na gasketi, wanafunga, kisha wanazungusha krenki kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili. Wanafungua tena. Alama ya valvu imejichora pale kama kidole kwenye unga wa chapati. Wanaukata kwa wembe na kupima sehemu iliyobonyea zaidi: ikibaki milimita moja na ushei, wanapumua, ikibaki karatasi, kamshafti inarudi sandukuni.

Kwa nini mizunguko miwili? Kwa sababu kwenye injini hizi krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja tu. Ukizungusha mara moja ukaridhika, umepima nusu ya hatari.

Pistoni nayo isiikaribie mno hedi. Kipimo chake? Risasi ile ya kuchomelea redio! Kipande kinawekwa ukingoni mwa pistoni, injini inazungushwa, risasi inabonyea, inapimwa unene. Duka la vifaa vya umeme linamhudumia mwanamichezo kuliko anavyokiri.

Kwa nini waogope hivyo? Ninja 250 ikifika mizunguko 13,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufungwa mara 108 kwa sekunde. Tamka "moja". Umeshachelewa mara mia.

Halafu, wajua kwamba Ninja 250 iliuzwa Marekani kuanzia 1988 hadi 2007 karibu bila kubadilika? Miaka 20 injini ile ile! Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipotoka aliweza kukua, akapata leseni, akaingia mashindano, na pistoni ya pikipiki ya baba yake bado ingemfaa.

Kawasaki hao hao wana mambo. Ninja 900 ya 1984, ya silinda nne, ina kipenyo cha milimita 72.5 na mwendo wa 55. Baadaye walitoa pikipiki ya cc 454, silinda mbili. Vipimo vyake? 72.5 kwa 55! Walimkata ng'ombe katikati, mbele wakauza, nyuma wakauza.

Na wakarudia! Ninja 1000 ya 1986 ni 74 kwa 58, silinda nne. Ninja 500 iliyofuata ni 74 kwa 58, silinda mbili. Ile 500 ikaishi kwenye mbio za ridhaa miaka na miaka, nusu iliyodumu kuliko nzima.

Wanaopenda sadfa, hii yenu: Ducati Pantah 500 ya 1979, kazi ya Fabio Taglioni wa Italia, nayo ni 74 kwa 58. Hakuna undugu wowote hapo, msije mkaenda kudai mirathi.

Lakini Pantah ina ukoo wake halali. Toleo la cc 583 lilikuwa na vipimo vya 80 kwa 58, na Monster 600 ya miaka ya 1990 ikarithi 80 kwa 58 vile vile. Hata Scrambler ya cc 803 inayoonekana barabarani sasa ni kitukuu wa injini hiyo.

Je, wajua kwamba kuna kampuni iliyosonga mbele, ikajuta, ikarudi nyuma? Suzuki GSX-R750 ya 1985 ilikuwa na vipimo vya 70 kwa 48.7. Mwaka 1988 wakaipanua na kuifupisha: 73 kwa 44.7. Mwaka 1989 watu wa mbio wakatengenezewa toleo maalumu la pikipiki 500 tu, na ndani yake, cheka sasa, vipimo vya zamani! Ilipofika 1990 zote zikarudi 70 kwa 48.7. Ukinunua kipuri cha pikipiki hii bila kutaja mwaka, ujue unacheza bahati nasibu.

GSX-R1000 ya 2001 nayo ilizaliwa kwenye mbavu za GSX-R750. Kipenyo kiliongezwa milimita 1 tu, kutoka 72 hadi 73. Mwendo ukaongezwa 13, kutoka 46 hadi 59. Kutoka cc 749 hadi 988! Mwaka 2005 ikawa cc 999, na injini hiyo ya 2005 ndiyo Suzuki waliyoitumia tena kwenye GSX-S1000 ya 2015 na Katana ya 2019.

Na pikipiki ya mraba umewahi kuiona? Kawasaki Z1 ya 1972: kipenyo milimita 66, mwendo milimita 66. Walipotaka Z1000, mwendo hawakuugusa, wakapanua silinda tu hadi 70. Kutoka 903 hadi 1015, na krenki inapiga miayo.

Yamaha walipita mlango wa pili. RD350 ya 1973 ni 64 kwa 54. RD400 ya 1976 ni 64 kwa 62. Silinda ikabaki na upana wake, krenki ikarefushwa. Halafu vipimo vya 64 kwa 54 vikaja kuibukia kwenye Banshee, kijigari cha magurudumu manne cha kuchezea mchangani, kilichouzwa Marekani kuanzia 1987 hadi 2006! Injini ya pikipiki ya barabarani imekwenda kustaafu ufukweni, na vipuri vyake vikaendelea kutengenezwa.

Ukoo mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni huu, kaa vizuri. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya DKW ya Ujerumani ilitengeneza kipikipiki cha cc 125, RT125, chenye kipenyo cha milimita 52 na mwendo wa 58. Vita vilipokwisha, washindi wakagawana michoro yake kama ngawira. Waingereza wakapata BSA Bantam, Wamarekani wakapata Harley-Davidson ya cc 125, Warusi wakapata Moskva. Umesikia? Harley-Davidson na Moskva, mama mmoja!

BSA walifanya kituko kimoja zaidi: waliuchora mchoro kama unavyoonekana kwenye kioo. Kulia kukawa kushoto, kushoto kukawa kulia, ili Mwingereza abadilishe gia kwa mguu wake wa kulia alivyozoea.

Wajapani hawakuwa kwenye mgao, lakini mwaka 1955 pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1, ilifuata RT125 hiyo hiyo. Wenyewe waliipa jina la utani la kereng'ende mwekundu. Mwezi ule ule kampuni ilipoanzishwa, Julai, ikashinda mbio za kupanda Mlima Fuji. Hata maziwa ya mama haijamaliza!

Bantam yenyewe ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, na mwendo wa pistoni haukubadilika hata siku moja: milimita 58. Kipenyo ndicho kilichonenepa, 52, kisha 57 mwaka 1954, kisha 61.5 mwaka 1958. Cc 123, 148, 172! Waingereza wakaona isiwe tabu, wakaunda klabu ya mbio za Bantam peke yake.

Je, wajua kwamba mbio za pikipiki za kale zina mlango wenye tarehe? Ukomo mmoja unaosikika sana ni 31 Desemba 1972. Nchini Marekani, chama cha AHRMA kina kifungu kitamu kuhusu "muundo unaofanana": pikipiki iliyotengenezwa baada ya ukomo inakubaliwa kama muundo wake ni ule ule wa kabla yake. Yaani mdogo mtu anaingia kwa cheti cha kuzaliwa cha kaka yake, na mlangoni anaambiwa karibu!

Kichekesho chake ni hiki. Kipuri kilichochongwa leo asubuhi kwa kufuata mchoro wa 1960 kinaweza kupita, na kipuri halisi cha 1980, chenye kutu na heshima zake, kikakataliwa. Kinachopimwa ni mchoro, siyo mvi. Ndiyo maana kampuni ya Norton ilipoacha kutengeneza pikipiki yake ya mbio, Manx, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mafundi wengine Uingereza waliendelea, na injini mpya kabisa za Manx zinanunulika hadi leo.

Jina hilo Manx maana yake ni "ya Kisiwa cha Man". Huko ndiko mwaka 1923 yalikoanzishwa mashindano ya barabarani ya watu wa ridhaa, kwenye mzunguko wa kilomita 60.7 wa barabara za kawaida, zenye nyumba na kuta za mawe. Yalipofika 1930 yakabadilishwa jina kuwa Manx Grand Prix, na yakadumu.

Fremu za Manx nazo zilipata bahati ya ajabu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na vigari vya mbio vya cc 500, na injini waliyoitaka ilikuwa ya Manx. Haikuuzwa peke yake! Basi walinunua pikipiki nzima, wakang'oa injini, fremu wakaiegemeza ukutani. Vijana wakaziokota fremu hizo, wakatia injini za Triumph, na Triton ikazaliwa: nusu Triumph, nusu Norton, jina nalo nusu kwa nusu.

Mfalme wa wachokonozi wote ni Burt Munro wa New Zealand. Alinunua Indian Scout ya 1920, cc 600, yenye kasi ya kama kilomita 89 kwa saa. Pistoni alizimimina mwenyewe kwa kutumia makopo, zikapasuka, akamimina nyingine. Zilizokufa alizipanga kwenye rafu kama sadaka kwa mungu wa kasi. Mwaka 1967, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, pikipiki ikiwa na miaka 47 na yeye 68, akapita kwa kilomita 296 kwa saa!

Na haikuishia hapo. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya kifo chake, iligundulika kwamba hesabu ya siku ile ilikosewa. Kasi ya kweli ilikuwa kubwa kidogo kuliko iliyoandikwa. Mzee akaongezewa maksi kaburini.

Rudi kwa Honda, nikuonyeshe siri ya dukani. Tarakimu tano za mwanzo kwenye namba ya kipuri chao zinataja kazi yake. 13101 kwa kawaida ni pistoni, iwe ya kipikipiki cha Cub au ya pikipiki kubwa. Herufi au tarakimu za katikati zinataja pikipiki ambayo kipuri kilianzia. Ukikuta 300 hapo katikati, umeshika kitu kilichochorwa kwa ajili ya CB750 ya 1969! Jina la kwanza na la ukoo kwenye karatasi moja. Mkaguzi akizijua, mjanja ana kazi.

Si kila mjukuu anafanana na babu. Honda Grom, kipikipiki kinachoshindaniwa sana kwenye viwanja vya magari madogo, kilikuwa na vipimo vya 52.4 kwa 57.9 na gia nne. Toleo la 2022 likaja na 50 kwa 63.1 na gia tano. Daraja lile lile la cc 125, lakini pistoni za hawa wawili hazisalimiani.

Je, wajua kwa nini Honda CG125 ya 1976 ilirudi kwenye teknolojia ya zamani kwa makusudi? CB125 yao ilikuwa na kamshafti juu kwenye hedi, ikitaka oili safi kila wakati, na wateja wa nchi zenye vumbi na kazi nyingi hawakuwa na muda huo. Wakaishusha kamshafti chini, wakasukuma valvu kwa fimbo. Vipimo? 56.5 kwa 49.5 kwa zote mbili! Wachina wakaiga, wakaipanua silinda hadi 62 bila kugusa mwendo, na hiyo ndiyo CG150 inayobeba abiria na magunia ya mkaa huku kwetu.

Umeiona hiyo 62? Ni ile ile ya Ninja tuliyoanza nayo! Usikimbilie kuchomoa, maana Ninja ina valvu nne kwa kila silinda na CG ina mbili, kwa hiyo vichwa vya pistoni vimechongwa tofauti. Lakini kipenyo ni kimoja, bodaboda na mashine ya mbio.

Huniamini? Nenda kijiweni sasa hivi, utafute pikipiki ya Kichina, uiname utazame ubavuni mwa injini, ufute tope kwa kidole. Ukikuta 162FMJ, moja ya mwanzo ni idadi ya silinda, na 62 ni kipenyo chake kwa milimita. Mwenye bodaboda akikuuliza unatafuta nini kwenye injini yake, mpe benchi, umsimulie.